Klachi iliyoganda: ipashe moto kwanza, spana baadaye

Pikipiki ikilala stoo miaka kadhaa, kila jirani ana la kusema juu ya betri. Wa pili atakutajia petroli iliyoharibika, wa tatu kabureta. Klachi haitajwi na mtu, na ndiyo itakayokusukuma ukutani siku ya kwanza injini ikiwaka. Unavuta klachi, unatia gia ya kwanza, pikipiki inaruka mbele na kuzima papo hapo. Unavuta tena hadi vidole viume, na mambo ni yale yale. Kisha atatokea mtu ambaye hata hajaigusa akuambie klachi imeisha, nenda ukanunue seti.

Mimi sikubali. Klachi iliyoisha inateleza: unaongeza moto kwa akselereta ya mkononi, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Hii ya stoo haitelezi hata kidogo. Imeshika na imekataa kuachilia. Mtu anayekuuzia pleti mpya kwa ugonjwa huu anakutibu goti kwa maumivu ya jino, na katika Nairobi hii watu wa namna hiyo hawakosi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya mjomba wangu, nyekundu, au ilikuwa nyekundu. Aliitumia miaka mingi kusoma mita za maji huku Eastlands, halafu akastaafu, akarudi Mwingi, na CG ikabaki kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba Umoja, kati ya friji bovu na magunia ya vitu visivyo na mwenyewe. Ililala hapo tangu kabla ya korona. Mvua za Aprili 2024, zile zilizobomoa nyumba Mathare na kufurika kwingi jijini, ziliingia stoo pia na sakafu ikakaa na unyevu muda mrefu. Sikuwa na haraka nayo, lakini kila nikipita niliona aibu kidogo. CG si pikipiki ya kumpa mtu wa vyuma chakavu. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwafikiria watu wanaopanda kila siku na kusahau kuihudumia, kwa hiyo vali zake zinasukumwa na vijiti, bila mnyororo wa kemu (mhimili unaofungua vali) wa kulegea na kulia. Vijana wa steji siku hizi wako kwenye Boxer na TVS, nami sina neno nazo. Mengi nitakayoeleza yanazihusu pia, kwa sababu klachi zao ni za ukoo huu huu: pleti nyingi zinazoogelea ndani ya oili ya injini.

Upande wa kulia, nyuma ya kifuniko kile chenye kiki, kuna nyumba ya klachi. Ndani yake pleti zimepangwa kwa zamu: moja ina vipande vya kork usoni, inayofuata ni chuma kitupu, kisha kork tena, chuma tena. Zile za kork zina masikio ya nje yanayokaa kwenye mianya ya nyumba, kwa hiyo zinazunguka pamoja na injini. Za chuma zina meno ya ndani yanayoshika kitovu, na kitovu kimeungana na giaboksi. Springi nne zinazibana zote ziwe kitu kimoja. Ukivuta klachi unazishinda springi, pleti zinapata nafasi ya kuachana, nafasi ndogo mno, sehemu tu ya milimita kwa kila pleti, na injini inazunguka peke yake bila kuvuta gurudumu.

Sasa ilaze pikipiki hiyo miaka. Wewe umepumzika, springi hazijapumzika. Zinaendelea kubana usiku na mchana, na oili iliyokuwa kati ya pleti inakamuliwa polepole hadi unabaki utando tu. Utando huo unazeeka na kuwa mzito. Chapati zikipangwa sahani moja zikiwa za moto zinaachana zenyewe; ziache zipoe hadi asubuhi, utazichana. Ongeza na unyevu. Nairobi haina chumvi ya Mombasa, lakini ina Julai, na ina mabati. Usiku chuma kinapoa, mchana hewa yenye mvuke inaingia kupitia mpira wa kupumulia wa injini, na ndani kunatokea matone. Kama oili ni ya zamani, imejaa masizi na asidi zinazotokana na kuungua kwa petroli, basi kutu ina kila kitu inachohitaji. Huanzia kwenye pleti za chuma, pale pale kork ilipokalia.

Nilimpigia mjomba kumuuliza.

“Mjomba, hii oili uliibadilisha mara ya mwisho lini?”

“Aah, mpwa wangu, ile oili iko sawa. Ikiwa nyeusi ndiyo inashika vizuri.”

Basi nikajua naanzia wapi.

Lakini kabla ya kuilaumu klachi, hakikisha ni yenyewe. Kebo inaweza kuwa imekatika au imekauka ndani ya mpira wake. Vuta klachi huku unatazama mkono mdogo ulio kwenye injini, pale kebo inapoishia. Kama unasogea, na mkononi unahisi ule uzito wa kawaida wa springi, kebo iko hai. Kisha, injini ikiwa imezimwa, tia gia, vuta klachi, sukuma pikipiki. Ikikataa, au ikienda huku injini inazunguka nayo, pleti zimegandana. Kama mkono kwenye injini hausogei, shughulika na kebo kwanza na uache mengine. Kebo ya pikipiki iliyolala mara nyingi inahitaji kuning’inizwa na kutiliwa oili nyepesi kutoka juu mpaka ianze kudondoka chini.

Kuhusu kuwasha injini yenyewe sitasema mengi, hayo yameelezwa kila mahali. Petroli ya zamani nje, kabureta ifunguliwe na jeti zizibuliwe, plagi itolewe na matone ya oili yatiwe kwenye silinda kabla ya kupiga kiki polepole. Jambo moja tu nasisitiza: oili ya injini ibadilishwe kabla ya kuwasha, hata kama unajua utaimwaga tena baada ya siku chache. Nunua ya bei ya chini ukitaka, bora iwe ya pikipiki. Ile ya mjomba ilitoka kama lami, na huwezi kuomba lami ikusaidie kuachanisha pleti.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha, kijana wa karibu na nyumbani, aliitikisa mara moja, akasikiliza, akasema, “Boss, hii ni klachi imekufa. Leta pleti, springi na gasketi, jioni unaendesha.” Nilimuuliza kama tungeipasha injini moto kwanza. Akaniangalia jinsi watu wanavyomwangalia mteja anayetaka kupunguza bei. Sikumlaumu sana. Yeye analipwa kwa kufungua na kufunga. Hakuna anayemlipa fundi kwa kusubiri injini ipate moto.

Ila moto ndio dawa. Utando ule mzito unalainika oili ikipata joto la kazi, na oili mpya inapata upenyo wa kuingia kwenye kingo za pleti. Niliiwasha ikiwa nyutro, nikaiacha ingurume hadi kifuniko cha klachi kikawa hakishikiki kwa mkono. Nikaizima. Nikatia gia ya juu, nikavuta klachi hadi mwisho, nikaisukuma mbele na nyuma kwa nguvu. Gia ya juu ina sababu: ukisukuma ukiwa gia ya kwanza, nguvu yako nyingi inapotea kwenye uwiano wa giaboksi, lakini ukiwa gia ya juu sehemu kubwa zaidi inafika kwenye klachi. Pikipiki nyingi zilizolala miezi michache tu huachia hapa hapa, bila sherehe. Ya mjomba haikuachia.

Nikaifunga klachi kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, ikalala imevutwa hivyo hivyo ikiwa bado na moto. Wapo wanaosema ukifanya hivyo unaua springi. Usiku mmoja hauui springi yoyote nzima. Inayoteseka kidogo ni kebo, na kebo ni bei ndogo. Faida yake ni kwamba pleti zinakaa bila kubanwa na oili inapata usiku kucha wa kujipenyeza.

Asubuhi tukaja kwenye njia yenye nguvu zaidi, na hii usiifanye peke yako. CG ya mjomba bado ina stendi ya katikati, kwa hiyo gurudumu la nyuma linaning’inia. Tuliweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, na jirani yangu, anayeendesha bodaboda, akashika usukani kutoka mbele, akiwa amesimama kando kidogo ya njia. Kwanza injini ipate moto tena, kisha izimwe. Tia gia ya juu, vuta klachi, piga kiki. Injini ikiwaka, gurudumu litazunguka nayo hewani, kwa sababu pleti bado zimeshikana. Endelea kuvuta klachi, fungua moto wa akselereta ghafla, funga ghafla, na ukiufunga tu kanyaga breki ya nyuma. Gurudumu linataka kusimama, injini inataka kuendelea, na ugomvi wao wote unaishia kwenye pleti. Mikono na nguo vikae mbali na mnyororo. Na usielekeze pikipiki ukutani. Ikidondoka kwenye stendi ikiwa na gia, itakwenda inakotazama.

Kuna wanaofanya hivi barabarani: wanaisukuma, inawaka ikiwa gia ya pili, wanazunguka mtaa wakifungua na kufunga moto huku klachi imevutwa. Inafanya kazi, sikatai. Lakini pikipiki ya namna hiyo huwezi kuisimamisha bila kuizima, na Umoja hata Jumapili alfajiri kuna mama wa maziwa, kuna watoto, kuna matatu iliyochelewa kulala. Kama huna uwanja mtupu, tumia stendi.

Yetu iliachia baada ya kubembelezwa sana. Hakukuwa na mlio mkubwa. Gurudumu lilisimama kwa breki na injini ikaendelea kunguruma, basi. Jirani akasema, “Imekubali!” na akaanza kuhesabu alichookoa kama kwamba pesa ni zake.

Watu wengi huishia hapo na hawakosei. Pleti zikishaachana na kuogeshwa oili ya moto kwa siku chache za kuendesha, mara nyingi hujisafisha zenyewe. Mpe pikipiki nafasi hiyo. Mimi nilimpa, ila dalili mbili zilibaki: nikiwa nimesimama kwenye taa nikiwa nimevuta klachi, pikipiki ilitaka kutambaa mbele, na kupata nyutro ilikuwa vita. Hizo ni pleti zinazoachana nusu. Hapo, na hapo tu, nikakubali spana.

Kufungua si kazi ngumu kama inavyotangazwa. Mwaga oili. Toa kiki, toa upau wa kukanyagia, sogeza kanyagio la breki. Bolti za kifuniko hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora umbo la kifuniko kwenye kipande cha katoni nikaidunga kila bolti mahali pake. Ndani utakutana na bolti nne zinazoshika springi. Zilegeze kidogo kidogo kwa mshazari ili sahani isipinde. Kisha inakuja nati ambayo imewatoa mafundi wengi jasho: ya mviringo, ina mikato minne na haina pembe za kushikwa na spana. Kwenye CG pleti hazitoki bila kuitoa hiyo. Huku mitaani hupigwa kwa nyundo na tindo hadi izunguke, na ukifungua pikipiki iliyopita mikono mingi utakuta mikato imeliwa na vipande vya chuma vimelala kwenye oili. Nilikwenda Kariobangi Light Industries, nikamkuta fundi wa kuchomelea, nikampa soketi ya zamani na vipimo, akaisaga ikabaki na meno manne. Ilichukua muda mfupi kuliko chai niliyokuwa nakunywa. Sijui kwa nini kila gereji ya pikipiki haina kifaa hicho.

Pleti zilipotoka, kila kitu kilionekana. Zile za chuma za ndani kabisa zilikuwa na alama za kutu zenye umbo kamili la vipande vya kork, kila kipande na mpaka wake, kama mhuri. Mbili zilikuwa bado zimeng’ang’aniana. Usizichokoe kwa bisibisi. Utakwaruza chuma na kung’oa kork. Nilizilaza kwenye oili safi, nikaingiza ubavu wa kisu chembamba kwenye ukingo na kuzizungusha moja kinyume cha nyingine mpaka zikatengana. Kork ilikuwa nzima, na unene wake haukuwa mbali na milimita 3 ambazo pleti za pikipiki ndogo huwa nazo zikiwa mpya. Klachi “iliyokufa” ilikuwa na miaka ya kazi ndani yake.

Kutu ilitoka kwa msasa laini ulioloweshwa oili, pleti ikisuguliwa juu ya kioo cha dirisha la zamani ili ibaki bapa. Kioo hicho hicho kinakuambia kama pleti imepinda: ilaze, bonyeza ukingo, ikitikisika imepinda. Moja ilitikisika. Nikapita ukucha kwenye mianya ya nyumba ya klachi pia, kwa sababu masikio ya pleti huchimba vishimo pale, na pleti ikikwama kwenye kishimo haitaachia hata iwe mpya kutoka dukani. Vilikuwepo vidogo; tupa ya msumeno ilivimaliza. Kifuniko kikiwa wazi, safisha na kichujio cha kuzunguka kilicho mwishoni mwa kranki, mhimili mkuu wa injini. Cha mjomba kilikuwa kimejaa tope gumu, ushahidi wa ile falsafa yake ya oili nyeusi.

Pleti moja ya chuma na gasketi, hiyo ndiyo bili yote, na kwa hiyo bili nilishuka Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Kwamba barabara ya vipuri vya magari iliitwa kwa jina la mtu aliyesifika kwa kutembea kwa miguu ni mzaha ambao Nairobi haikuupanga. Duka la kwanza lilikataa kuuza pleti moja, seti tu. La pili vilevile. Kwenye kibanda cha vipuri vilivyotumika nikapata moja bapa, niliyoipima juu ya kioo cha kaunta huku mwenye duka akitabasamu.

Kork zililala kwenye oili mpya usiku kucha kabla ya kurudishwa, maana ukizifunga kavu zitaungua dakika za kwanza. Bolti za springi kwa mshazari tena, kidogo kidogo. Gasketi ikiwa mpya na nyuso zikiwa safi, silikoni ya tyubu haina kazi. Mafundi wanaipaka kwa ukarimu, inayofinywa ndani inakatika na kwenda kuziba chujio la oili, na mwenye pikipiki hajui hadi injini iungue.

Oili nayo ina lake. Ya magari mengi ya kisasa imetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na klachi yetu inaishi kwa msuguano. Tangu 1998 Wajapani wana kipimo cha oili za pikipiki, JASO; tafuta herufi MA au MA2 mgongoni mwa mtungi. MB ni ya skuta zisizo na klachi ndani ya oili. Mhudumu wa kituo cha petroli atakuambia zote ni sawa.

Mwisho kabisa nilirekebisha kebo hadi ncha ya klachi iwe na mchezo wa kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kuanza kuvuta. Nyutro sasa inaingia kwa kidole cha mguu, na kwenye taa za Donholm pikipiki inasimama ilipoambiwa isimame. Isipoendeshwa wiki nzima naivuta klachi mara kadhaa nikipita stoo.

Kinachotugombanisha na mjomba sasa ni tairi. Ya mbele ina kashata nzuri, yale maua ya kushika barabara, lakini ubavuni kuna tarakimu nne, 1415, maana yake ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2015, na mpira umeanza kupasuka nyufa. Yeye anasema ile ni tairi ya Japani, haizeeki. Nimemwambia nitaiweka kando aje aichukue, atafungia mbuzi.